Namwogesha paka kila Jumamosi, siku mbili hazipiti ananuka tena

Swali: "Shikamoo daktari. Nina paka dume anaitwa Karanga, ana kama miaka minne. Ni wa rangi ya chungwa, ila masikio na kifua ni vyeupe. Hajahasiwa. Mchana analala barazani, usiku anatoka. Chakula chake ni dagaa na ubwabwa. Namwogesha kila Jumamosi kwa sabuni ya kuogea, ananiparura sana, na siku mbili hazipiti harufu imerudi. Jirani amenishauri nimtie dawa ya kuogeshea mbuzi ili viroboto waishe. Halafu mke wangu ni mjamzito, na mama mkwe anataka paka aondoke nyumbani. Naomba unieleze paka mkubwa anahitaji matunzo gani hasa, na mara ngapi." – Msomaji, Tanga

Marahaba, ndugu yangu. Nianze na la haraka: hiyo dawa ya mbuzi usiiguse, sababu nitaieleza mbele kidogo. La pili, Jumamosi hii mwache Karanga alale. Paka mwenye manyoya mafupi na afya njema haogeshwi. Ulimi wake una vijimwiba vigumu vilivyoelekea nyuma, na kwa vijimwiba hivyo hujichana, huondoa manyoya yaliyokufa na kufikisha mate mpaka kwenye ngozi. Sabuni ya kuogea inayakausha mafuta ya ngozi yake, anaanza kuwashwa, na mabaki yake yote anayalamba. Ukimaliza, yeye ana hasira na wewe una mikono iliyochanika.

Paka mwenye afya hanuki. Akinuka, harufu ina mahali inapotoka, na ukiiosha bila kupatafuta itarudi kama unavyoiona inavyorudi. Kwa dume wa namna ya Karanga, mimi ningetazama sehemu nne. Ya kwanza ni mkojo. Dume asiyehasiwa husimama, akainua mkia na kunyunyiza ukutani au mlangoni kuweka mipaka yake, na mkojo huo una harufu kali ambayo wa jike au wa dume aliyehasiwa hauna. Humshika mkiani na miguu ya nyuma. Ya pili ni kinywa, na hii watu wengi huikosa: fizi zikioza, kila anapojilamba anajipaka mate yanayonuka mwili mzima. Unamwogesha leo, kesho amejipaka upya. Ya tatu ni masikio. Ya nne ni jipu. Madume wanapopigana usiku huumana, na jino la paka ni jembamba, linatoboa ngozi na kupanda vijidudu ndani, kisha tundu linajifunga juu. Baada ya siku chache kunakuwa na uvimbe wa moto kichwani, shingoni, mguuni au kwenye shina la mkia, halafu unapasuka na kutoa usaha. Uvimbe wa namna hiyo ni kazi ya daktari, atausafisha na kumpa dawa inayomfaa. Usiukamue nyumbani.

Basi muda uliokuwa unautumia kuogesha, utumie kumkagua. Mara moja kwa wiki inatosha. Chagua saa ametulia, ameshiba, wewe umeketi. Pitisha mikono taratibu kuanzia kichwani hadi mkiani, tumboni na ndani ya mapaja. Unatafuta uvimbe, kidonda, kupe, mahali anapostuka ukigusa. Mbavu zake uzihisi chini ya vidole bila kubonyeza kwa nguvu. Ukilazimika kuzitafuta, amenenepa. Zikionekana kwa macho kwa mbali, amekonda. Paka wetu wa kawaida huwa kati ya kilo 3 na 5, na njia rahisi ya kumpima ni kupanda mizani ukiwa umembeba, kisha upande peke yako na utoe tofauti. Andika mahali. Paka ni mnyama anayeficha ugonjwa kwa bidii, na mara nyingi kupungua uzito hutangulia dalili nyingine zote kwa wiki nyingi.

Inua mdomo wa juu kwa kidole gumba, upande mmoja kisha wa pili. Ufizi wa afya ni wa waridi. Mstari mwekundu ufizi unapokutana na jino, au ukoga wa kahawia kwenye magego, ndiyo harufu yako hiyo. Ufizi mweupe maana yake damu imepungua, mara nyingi kwa viroboto wengi, kupe au minyoo ya safura. Wa njano, ini. Usiogope madoa meusi kwenye midomo na pua: paka wa rangi ya chungwa huyapata wakikua, na yale yaliyo bapa kabisa hayana neno. Ukiweza kumzoesha, msugue meno kwa kitambaa laini kilicholowa kidoleni, au mswaki mdogo wa mtoto. Dawa yetu ya meno hapana, kwa sababu yeye hatemi, anameza. Ukoga ukishakuwa mgumu hautoki kwa mswaki tena, unasafishwa kliniki akiwa amelazwa usingizi.

Masikioni, nta kidogo ya rangi ya kahawia hafifu ni kawaida. Nta nyeusi, kavu, inayomeguka, na paka anatikisa kichwa na kujikuna, ni utitiri wa masikio, na dawa yake ipo. Usiingize pamba ya kijiti. Vipele vikavu na magamba vinavyoanzia kwenye kingo za masikio na kupanda usoni ni upele wa aina nyingine, nao unamwambukiza hata binadamu kwa muda. Na mabaka ya mviringo yasiyo na manyoya huenda ni choa, ile ile inayowapata watoto vichwani. Ukiyaona, asilale na watoto mpaka atibiwe.

Nikae kidogo kwenye masikio meupe ya Karanga, kwa sababu hapa kwetu ni jambo kubwa kuliko vitabu vya Ulaya vinavyolionyesha. Tanga iko kama digrii 5 tu kusini mwa ikweta, na paka mwenye ngozi nyeupe masikioni au puani, anayelala barazani juani, anaweza kupata saratani ya ngozi. Huanza kidogo: ncha ya sikio inakuwa nyekundu, inakauka, inafanya gaga, gaga linatoka na kurudi, na kidonda hakiponi. Wenyewe hudhani amepigana. Kikionekana mapema, daktari hukata ncha ya sikio na paka huishi miaka yake. Kikiachwa, kinakula uso. Kwa hiyo toka saa nne asubuhi hadi saa kumi alasiri hamishia mkeka wake kivulini, na kidonda chochote cha sikio au pua kilichopita wiki tatu bila kupona kionyeshwe. Mafuta ya watu ya kuzuia jua usimpake. Mengi yana viungo vinavyomdhuru akilamba, na atalamba.

Manyoya: mchane mara moja kwa wiki kwa kitana cha chawa au brashi laini, kufuata yalivyolala. Mwenye manyoya marefu anahitaji kila siku, la sivyo yanafungamana na kuvuta ngozi. Kucha zake ni 18, tano kila mguu wa mbele na nne kila mguu wa nyuma. Paka anayetoka nje zimwachie, ndizo zinazompandisha juu ya mti mbwa wakimkimbiza, na huzinoa mwenyewe. Wa ndani, au mzee asiyezinoa, zikatwe ncha kila baada ya wiki mbili tatu: bonyeza kidole itokeze, kata sehemu angavu pekee, usifike kwenye wekundu wenye mshipa. Kama anachana makochi, nanyi mko kwenye mji wa mkonge, hamna sababu ya kununua kinolea cha kutoka ng'ambo. Zungushia kamba ya katani kwenye kigogo kizito kinachozidi urefu wa paka aliyejinyoosha, ukisimamishe karibu na anapolala. Wanaouza vinolea vya bei kubwa mijini nao hutumia katani hiyo hiyo.

Sasa viroboto. Chana juu ya karatasi nyeupe. Ukiona punje nyeusi, zidondoshee maji. Zikiyeyuka kuwa wekundu, ni kinyesi cha viroboto, yaani damu ya paka iliyosagwa. Viroboto unaowaona mwilini ni sehemu ndogo ya jeshi. Mayai huanguka kwenye mkeka, godoro na nyufa za sakafu, na wale waliojifunga kwenye vifuko wanaweza kungoja miezi kabla ya kutoka. Joto na unyevu wa pwani huwafaa mwaka mzima, kwa hiyo usingoje msimu. Fua matandiko yake kwa maji ya moto, anika juani, fagia nyufa kila siku chache, na umtibu paka mwezi baada ya mwezi, usikome kabla ya miezi mitatu.

Kwa dawa gani? Hapa ndipo jirani yako anaweza kukuulia paka. Dawa nyingi za kuogeshea mbuzi na ng'ombe zina amitrazi, au zile ambazo jina la kiambato kwenye lebo linaishia na "methrin": permethrin, cypermethrin, deltamethrin. Mbuzi anazimudu. Paka hazimudu, ini lake halina vimeng'enya vya kutosha vya kuvunja sumu za aina fulani. Permethrin ndiyo mbaya kupita zote. Inaanza kwa kutetemeka na kutoa udenda, inakwenda kwenye degedege, kisha kifo, na imo pia kwenye baadhi ya dawa za viroboto vya mbwa. Nunua ya matone iliyoandikwa kuwa ni ya paka, yenye fipronili au selamektini, kwa kipimo cha uzito wake, umdondoshee kwenye ngozi ya kisogoni asikofika kwa ulimi. Na sindano ya aivamektini ya ng'ombe isipimwe kwa macho. Tone moja la ziada kwa kilo 4 si jambo dogo.

Upungufu huo wa ini una ndugu zake wengine ndani ya nyumba. Kidonge kimoja cha parasetamoli, panadol ya kawaida kabisa, kinaweza kumuua paka: damu inashindwa kubeba hewa, ufizi unageuka kahawia au bluu, uso unavimba. Hakuna kipimo kidogo cha usalama, na paka akiwa na homa usimpe dawa yoyote ya binadamu. Vile vile dawa za kuua vijidudu zinazogeuka nyeupe zikitiwa majini: umepiga deki, paka amepita sakafu ikiwa mbichi, amelamba nyayo. Suuza sakafu kwa maji matupu na ikauke ndipo aingie. Ikitokea amemwagikiwa dawa ya mifugo au dizeli, hapo kuoga kuna maana. Maji ya vuguvugu, sabuni ya kuoshea vyombo, taulo chini ya beseni asiteleze, kichwa usikimwagie, suuza mara nyingi, kausha, halafu moja kwa moja kwa daktari na chupa ya hiyo dawa mkononi.

Chakula. Dagaa si kosa, tena dagaa mzima na kichwa chake ana mengi ya kumfaa, ila ubwabwa ukizidi dagaa paka anashiba na kudhoofika. Yeye ni mla nyama kwa lazima. Anahitaji taurini, kirutubisho cha kwenye nyama na samaki, ambayo mwili wake hauitengenezi ya kutosha na wali hauna. Mwaka 1987 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walionyesha kuwa paka akiikosa kwa muda moyo wake unalegea na kutanuka, na akirudishiwa mapema moyo unapona. Upofu unaotokana na ukosefu huo huo ulikuwa umeshajulikana. Taurini huyeyuka majini, kwa hiyo mchuzi uliochemshia usiumwage, mtilie. Chemsha, usimpe wabichi kila siku, kwani baadhi ya samaki wadogo wakiwa wabichi huharibu vitamini B1 mwilini. Wa chumvi loweka kwanza umwage maji. Changanya: leo dagaa, kesho moyo wa ng'ombe au firigisi na mioyo ya kuku, siku nyingine yai lililoiva, maini kidogo mara moja kwa wiki, wali uwe kama robo tu ya sahani. Chota fungu lake kabla hujatia kitunguu. Kitunguu maji na kitunguu saumu, vibichi au vilivyopikwa, huvunja chembe zake za damu. Maziwa paka wakubwa wengi yanawaharisha. Maji safi yawepo saa zote, bakuli likae mbali na la chakula na mbali kabisa na beseni la mchanga anamojisaidia.

Kuhusu shemeji na ujauzito, mama mkwe ana sababu ya kuogopa, lakini paka kumfukuza si dawa. Anachokiogopa ni toksoplazma, kimelea kinachoweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Paka huipata kwa kula panya au nyama mbichi, na kwa kawaida huitoa kwenye kinyesi kwa wiki moja hadi tatu tu, mara anapoambukizwa kwa mara ya kwanza. Kinyesi kikitoka hakiambukizi papo hapo. Vimelea huchukua siku moja hadi tano kukomaa. Kwa hiyo ukikitoa kila siku na ukatupa mbali, umekata njia. Kazi hiyo ni yako, ndugu yangu, si yake, mpaka ajifungue na baada ya hapo pia ukipenda. Kumgusa paka au manyoya yake si njia kuu ya maambukizi. Shemeji achunge zaidi mishkaki iliyo mbichi ndani, kachumbari ambayo mboga zake hazikuoshwa vizuri, na kulima bustani bila kunawa mikono. Kliniki ya wajawazito awaambie kuna paka nyumbani, na kama kuna kipimo watamshauri. Mama mkwe mweleze kwa upole, na aone unavyosafisha hilo beseni.

Minyoo: paka anayewinda na kulala na watoto apewe dawa kila baada ya miezi mitatu. Vipande vyeupe vinavyofanana na punje za mchele kwenye manyoya ya nyuma au kwenye mkeka ni tegu, na tegu huyo humwingia kwa kumeza kiroboto anapojilamba, hivyo kutibu mmoja ukamwacha mwenzake ni kazi bure. Anatibiwa kwa prazikwanteli, dawa tuliyoizoea kwa kichocho, ila kipimo chake ni cha paka. Usimkatie cha mtoto.

Chanjo ya kichaa cha mbwa ndiyo ya kwanza, hata kama pesa ni ya moja tu. Paka hupata kichaa na hukitoa kwa kuuma, na Karanga hutoka usiku. Ofisa mifugo wa kata atakuambia inatolewa lini. Kampeni nyingi huwa karibu na tarehe 28 Septemba, siku ya kichaa cha mbwa duniani. Tunza kadi na urudie kwa tarehe iliyoandikwa. Mtu akiumwa na paka asiyejulikana, aoshe jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, aende hospitali siku hiyo hiyo. Chanjo nyingine ni ile inayounganisha magonjwa matatu ya paka: moja la kuhara na kutapika linaloua haraka, na mafua mawili. Kwa mkubwa asiyewahi kuchanjwa ni sindano mbili zilizoachana wiki mbili hadi nne, nyingine baada ya mwaka, na kuanzia hapo paka wengi hawahitaji zaidi ya mara moja kila miaka mitatu.

Na umhasi. Miaka minne si kuchelewa. Ni upasuaji mdogo, anarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Kwa madume walio wengi kunyunyiza kunapungua sana au kwisha, ugomvi unapungua, na majipu pamoja na virusi vinavyopita kwa kuumana vinapungua navyo. Nadhani hii peke yake itakuondolea nusu ya harufu. Baadaye punguza chakula kidogo, huwa wananenepa. Wenye majike wajue kwamba huku kwetu, mchana na usiku vikikaribia kulingana mwaka mzima, jike hana msimu wa kupumzika: mimba ni kama siku 63 hadi 65, na anaweza kushika nyingine akiwa bado ananyonyesha.

Kuna mambo manne ambayo hayangoji kesho. Dume anayekwenda kwenye mchanga tena na tena, anachuchumaa, analia na hakuna mkojo au ni tone moja: watu humpa mafuta wakidhani amefunga choo, kumbe njia ya mkojo imeziba, na ndani ya siku moja au mbili anaweza kufa. Kuhema kwa mdomo wazi. Kutokula kabisa kwa siku nzima, hasa akiwa mnene, kwa kuwa ini lake hujaa mafuta. Na dalili yoyote ya sumu niliyokwisha kuitaja.

Kwa sasa mpeleke achunguzwe mara moja kwa mwaka. Akipita miaka 10, mara mbili. Ukienda safari hii ya kwanza, usimbebe mkononi kwenye bodaboda. Mtie kwenye tenga lenye mfuniko uliofungwa kwa kamba, juu yake kitambaa chenye harufu ya nyumbani, asile asubuhi hiyo endapo mmepanga ahasiwe. Chukua na kinyesi chake cha siku hiyo ndani ya kopo safi. Mwambie daktari aanze na kinywa.